Mbao, Mizinga na Frigeti Sita za Marekani

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya merikebu za vita za zama za matanga, na kati ya hizo nimechagua frigeti sita zilizojengwa Marekani kuanzia mwaka 1794 hadi 1800. Vita vya baharini vinaposimuliwa, kwa kawaida tunasimuliwa ushujaa: nani alisimama imara, nani aliteremsha bendera. Ushujaa ulikuwepo, sikatai. Lakini katika habari ya merikebu hizi naamini kwamba sehemu kubwa ya ushindi ilikwisha kupatikana miaka 18 kabla ya mizinga kulia. Ilipatikana mezani, kwenye karatasi za michoro, na msituni, kwenye makali ya shoka.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Marekani ilipojitoa mikononi mwa Uingereza haikubaki na jeshi la majini. Manowari yake ya mwisho, Alliance, iliuzwa mwaka 1785 kwa kukosa fedha za kuitunza. Mwaka huohuo merikebu mbili za biashara za Kimarekani zilikamatwa na watu wa Algiers, kaskazini mwa Afrika, na mabaharia wake wakatiwa kifungoni. Mwaka 1793 zikakamatwa nyingine 11. Taifa lililoishi kwa biashara ya baharini halikuwa na manowari hata moja ya kuilinda biashara hiyo. Ndipo tarehe 27 Machi 1794 Rais George Washington alipotia saini sheria ya kujenga frigeti sita.

Frigeti ni manowari ya namna gani? Katika zama zile manowari kubwa kabisa zilikuwa na sitaha mbili au tatu zilizojaa mizinga, 74 na kuendelea, na zilipigana kwa kujipanga safu. Zilikuwa na nguvu za kutisha, ila nzito na ghali. Frigeti ilikuwa na sitaha moja tu kamili ya mizinga, na mizinga mingine michache juu yake, mahali penye upepo. Kazi yake ilikuwa kupeleleza, kusindikiza misafara, kuwinda merikebu za biashara za adui na kupeleka ujumbe. Kwa hiyo ilibidi iwe na mbio.

Aliyepewa kazi ya kuchora alikuwa Joshua Humphreys, mjenzi wa merikebu wa Philadelphia. Januari 1793, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya sheria kupita, alikuwa amemwandikia Seneta Robert Morris akimweleza fikra zake. Hoja yake ilikuwa hivi: kwa miaka mingi ijayo merikebu zetu zitakuwa chache kuliko za mataifa ya Ulaya, na kwa idadi hatutawaweza, basi kila moja tutakayoijenga iwe kubwa na nzito kuliko frigeti yoyote itakayokutana nayo. Ikikutana na frigeti ya adui, iipige. Ikikutana na manowari ya sitaha mbili, ikunjue matanga yote iondoke. Kwa maoni yangu, hii ni mojawapo ya hoja safi kabisa zilizowahi kutolewa katika ujenzi wa vyombo vya vita. Ni hoja ya mnyonge aliyekaa chini akafikiri.

Frigeti tatu zilizobeba fikra hiyo kikamilifu ni United States, Constitution na President. Hizi ziliitwa merikebu za mizinga 44. Nyingine tatu, yaani Constellation, Congress na Chesapeake, zilikuwa ndogo kidogo na zikaitwa za mizinga 36. Urefu wa Constitution, ukipimwa kwenye usawa wa maji, ni futi 175, yaani mita 53 na kitu, na upana wake ni futi 43 na nusu. Frigeti ya kawaida ya Kiingereza ya wakati ule ilipungukiwa futi 20 hadi 25 kwa urefu. Mlingoti mkuu ulipanda futi 220, na matanga yote yakikunjuliwa yalifunika karibu mita za mraba 4,000. Watu waliokaa ndani yake walikuwa 450 na zaidi.

Si wote waliokubaliana na Humphreys. Josiah Fox, fundi aliyezaliwa Uingereza na kujifunza kazi huko, aliona merikebu hizi ni kubwa mno. Wawili hawa walibishana sana, na baadaye Fox aliposimamia Chesapeake huko Gosport, Virginia, merikebu hiyo ilitoka ndogo kuliko ilivyokusudiwa. Jina la Chesapeake tutakutana nalo tena.

Sasa tuingie msituni, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo.

Merikebu kubwa ikibeba mizinga mizito inahitaji mataruma, yaani mbavu za mbao, yasiyosaliti. Humphreys alitaka mataruma ya mwaloni wa kusini, ule usiopukutisha majani, unaoota katika visiwa vya pwani ya Georgia. Mti huu ni mgumu ajabu. Ukikatwa mbichi na kutupwa majini, unazama. Matawi yake hutanda na kujipinda, na kwa fundi wa merikebu kupinda huko ni mali. Fundi wa jahazi wa Lamu anajua habari hii: kipande cha taruma hukitafuti katika mti ulionyooka ukaja kukipinda, unatafuta mti uliokwisha kupindwa na Mungu, ili nyuzi za mti zifuate mkunjo na taruma lisipasuke. Wajenzi wa Marekani walifanya vivyo hivyo, ila wao walituma msituni violezo vya mbao nyembamba, kila kimoja na umbo la taruma lake, na mkata miti akazunguka nacho akikilinganisha na matawi mpaka apate tawi linalolingana.

Wakata miti wa kwanza walitoka majimbo ya kaskazini, watu waliozoea baridi na misonobari. Walifika katika kisiwa cha St. Simons wakakutana na mvua, matope, mbu na homa. Wengi waliugua, baadhi wakafa, na wengi wa waliobaki wakarudi kwao. Kazi haikusimama. Walitiwa kazini Waafrika waliokuwa watumwa katika mashamba ya Georgia, wakakata magogo hayo, wakayachonga na kuyakokota hadi ufukweni. Naomba msikilizaji ulikumbuke hili kila utakaposikia merikebu hizi zikisifiwa kwa uimara. Uimara huo una mikono iliyoutengeneza, na mikono hiyo haikulipwa.

Magogo yalipofika bandarini yalisimamishwa juu ya mkuku, yaani uti wa chini wa merikebu, yakiwa yamesongamana. Nafasi kati ya taruma na taruma ilikuwa kama inchi mbili tu. Nje ya mataruma zikapigiliwa mbao za mwaloni mweupe, na ndani zikapigiliwa mbao nyingine za mwaloni huohuo. Kwa hiyo ubavu wa Constitution una tabaka tatu, na unene wake unafika inchi 21 na kuzidi, zaidi ya nusu mita ya mti mtupu. Tufe la chuma lililopenya kwa urahisi ubavu wa merikebu nyingine lilikuta hapa ukuta ambao karibu hauna mwanya. Misumari mikubwa ya shaba ya kuunganishia ilitoka katika karakana ya Paul Revere wa Boston. Chini, sehemu inayokaa majini, ilivikwa bamba za shaba ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao na magugu yasiote yakapunguza mwendo.

Kuna jambo jingine ndani yake ambalo mgeni halioni kwa urahisi, nami nadhani ndilo jambo la werevu kuliko yote. Merikebu ndefu ya mbao ina ugonjwa wake. Katikati ni pana, kwa hiyo maji huibeba vizuri. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma, ni nyembamba, maji hayazibebi sawasawa, na huko nako kuna mizinga, nanga na vyumba. Miaka ikipita, ncha mbili hushuka na katikati huinuka, mkuku unapinda, viungo vinaachia na maji yanaingia. Kadiri merikebu inavyokuwa ndefu ndivyo ugonjwa unavyozidi, na za Humphreys zilikuwa ndefu kupita kiasi cha wakati wake. Dawa aliyoiweka ni mihimili mikubwa ya mshazari, sita kila upande, iliyoanzia juu ya mkuku na kupanda ikijipinda kufuata tumbo la merikebu hadi chini ya sitaha. Uzito wa mizinga iliyo juu hauishii kwenye sitaha, unateremshwa na mihimili hiyo hadi mkukuni.

Ushahidi wa werevu huo ulikuja baada ya karne mbili. Katika matengenezo ya zamani mafundi walikuwa wameing'oa mihimili hiyo, na mkuku wa Constitution ukapinda zaidi ya futi moja. Katika ukarabati mkubwa ulioanza mwaka 1992 mihimili ya mshazari ilirudishwa kama Humphreys alivyoichora, na merikebu ikanyooka. Mwezi Julai 1997, ikitimiza miaka 200, ilisafiri kwa matanga yake yenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka 116.

Ujenzi wenyewe ulikwenda kwa kusuasua. Serikali iligawa kazi katika bandari sita, merikebu moja kila bandari, ili riziki ifike kila mahali, na gharama zikapanda. Mwaka 1796 amani ikafanywa na Algiers, kazi ya merikebu tatu ikasimamishwa, kisha ikaanza upya. Constitution peke yake iligharimu dola 302,718. Hata kushuka majini ilikataa: Septemba 1797 ilijaribiwa mara mbili, ikasogea kidogo na kukwama. Ilishuka tarehe 21 Oktoba.

Tugeukie mizinga.

Mzinga uliitwa kwa uzito wa tufe lake. Frigeti za Kiingereza kwa kawaida zilibeba mizinga ya ratili 18 katika sitaha kuu. Humphreys alitaka ya ratili 24, yaani tufe la karibu kilo 11. Kila mzinga ulikuwa na uzito wa kama tani mbili na nusu, na Constitution ilibeba 30 ya namna hiyo katika sitaha kuu. Juu yake, mwaka 1812, kulikuwa na mizinga mifupi 24 iitwayo karonedi, yenye tufe la ratili 32. Karonedi ilibuniwa katika kiwanda cha Carron huko Uskochi. Ni fupi, ni nyepesi, haifiki tani moja, inahitaji watu wachache, na hurusha tufe zito. Kasoro yake ni kwamba haifiki mbali. Mzinga mrefu wa ratili 24 ulifika kama mita 1,100. Karonedi haikufika mita 400.

Tufanye hesabu. Merikebu hupiga kwa ubavu mmoja kwa wakati. Mizinga mirefu 15 mara ratili 24 ni ratili 360. Karonedi 12 mara ratili 32 ni ratili 384. Jumla ni ratili 744, zaidi ya kilo 330 za chuma katika mpigo mmoja. Guerriere, frigeti ya Kiingereza tutakayoitaja sasa hivi, ilikuwa na mizinga 15 ya ratili 18 kila ubavu wa sitaha yake kuu, yaani ratili 270 mahali ambapo Constitution ilikuwa na 360. Na utaona kwamba hiyo namba 44 ilikuwa jina la daraja tu. Mizinga iliyokuwemo ilizidi 50.

Kuupiga mzinga mmoja mrefu kulitaka watu tisa na zaidi. Sikiliza kazi yenyewe. Kwanza mmoja anaingiza mtutuni mti wenye sifongo lililoloweshwa, kuzima cheche zilizobaki. Kisha linaingia furushi la baruti lililoshonwa katika kitambaa. Kisha tufe. Kisha donge la kamba kuukuu, kulizuia tufe lisibingirike nje merikebu ikiyumba. Vyote vinashindiliwa kwa nguvu. Halafu kundi zima linashika kamba za roda na kuuvuta mzinga mpaka mdomo utokeze dirishani. Mkuu wa mzinga anatoboa furushi kupitia tundu la nyuma, anatia baruti laini, anainama kutazama, anangoja wimbi liinue au lishushe ubavu, ndipo anafyatua. Tani mbili na nusu zinarudi nyuma kwa kishindo hadi zizuiwe na kamba nene iliyofungwa ubavuni. Aliyesahau akasimama nyuma yake amekwisha. Hapohapo sifongo linaingia tena. Baruti haikuwekwa karibu kwa hofu ya moto, ililetwa kutoka chini furushi moja moja, na walioileta mara nyingi walikuwa watoto.

Mmoja wa watoto waliokuwa ndani ya Constitution ni David Debias, mtoto mweusi wa Boston aliyezaliwa huru, aliyeingia kazini akiwa na miaka minane. Alikuwemo Februari 1815 merikebu hiyo ilipoziteka Cyane na Levant za Waingereza kwa pamoja. Mwaka 1838, akiwa mtu mzima, alikamatwa Mississippi kwa madai kwamba ni mtumwa mtoro. Alikuwa amelitumikia taifa hilo katika manowari yake mashuhuri kuliko zote.

Mizinga na merikebu lazima vilingane, na hilo Wamarekani walijifunza mapema. Constellation, moja ya zile ndogo, ilipewa kwanza mizinga ya ratili 24. Mwaka 1799 iliishinda frigeti ya Kifaransa L'Insurgente, lakini kapteni wake, Thomas Truxtun, aliona uzito ule unaielemea merikebu yake. Akaiondoa mizinga hiyo akaweka ya ratili 18. Kuna mfano mchungu zaidi, wa frigeti nyingine ya Kimarekani isiyo ya hizi sita, Essex. Hii ilijazwa karonedi karibu tupu. Machi 1814, nje ya Valparaíso huko Chile, Phoebe ya Waingereza ilijiweka mbali, mahali ambapo karonedi hazifiki, ikaipiga Essex kwa mizinga mirefu mpaka ikasalimu amri.

Mwaka 1812 Marekani ilitangaza vita na Uingereza, na sasa fikra za Humphreys zikapata mtihani wake. Mtihani wa kwanza ulikuwa wa kukimbia. Mwezi Julai, karibu na pwani ya New Jersey, Constitution chini ya Isaac Hull ilijikuta inafuatwa na manowari tano za Kiingereza, mojawapo ikiitwa Africa. Upepo ukafa. Hull akashusha mashua, zikabeba nanga ndogo hadi mbele kabisa, zikaitupa majini, na watu waliobaki ndani wakaivuta merikebu kuelekea nanga ile. Ikifika, nanga nyingine imekwisha kutupwa mbele zaidi. Matanga yakamwagiwa maji ili yashike kila pumzi ya upepo, na galoni 2,300 za maji ya kunywa zikatupwa baharini kupunguza uzito. Waingereza nao wakaiga. Shughuli hiyo ilidumu saa 57, usiku na mchana, na Constitution ikaponyoka. Katika habari zote za merikebu hii, hii ndiyo inayonigusa kuliko nyingine. Haikupigwa tufe lolote la maana, bali mamia ya watu walivuta kamba bila usingizi na hawakukata tamaa.

Tarehe 19 Agosti 1812 ikakutana tena na mojawapo ya waliokuwa wakiifukuza, Guerriere, safari hii peke yake. Hull aliwazuia watu wake wasipige mpaka wawe karibu sana. Kisha mizinga yote ikalia. Mlingoti wa nyuma wa Guerriere ukaanguka, ukafuatiwa na miwili iliyobaki, na merikebu ikabaki gogo linaloviringishwa na mawimbi. Waingereza walipoteza watu 15 waliokufa, na zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Upande wa Constitution walikufa saba. Guerriere iliharibika hivi kwamba kesho yake ilichomwa moto, haikufaa hata kukokotwa. Mabaharia waliona matufe yakigonga ubavu wa Constitution na kuangukia baharini, ikapewa jina la Ubavu wa Chuma. Chuma hakikuwepo. Ulikuwa mwaloni wa Georgia.

Mwezi Oktoba United States chini ya Stephen Decatur iliikuta Macedonian ya Waingereza. Decatur alitumia urefu wa mizinga yake: alikaa mbali akaikatakata taratibu, na mwisho Waingereza 36 walikuwa wamekufa dhidi ya Wamarekani saba. Desemba, pwani ya Brazili, Constitution ikaiangamiza Java, nayo ya Waingereza. London ilishtuka. Magazeti yalilalamika kwamba hizo ni manowari kubwa zilizojificha chini ya jina la frigeti. Malalamiko hayo, kwangu mimi, ndiyo sifa kubwa aliyopata Humphreys. Mwaka 1813 makamanda wa Kiingereza wakapewa amri kwamba frigeti ya mizinga ya ratili 18 isipambane peke yake na moja ya hizi kubwa za Marekani.

Hata hivyo nisikudanganye, msikilizaji, ukadhani mbao na mizinga vinatosha. Tarehe 1 Juni 1813, nje ya Boston, Chesapeake ilitoka kupambana na Shannon ya Waingereza. Merikebu hizi zilikaribiana kwa nguvu, zote za ratili 18. Lakini nahodha wa Shannon, Philip Broke, alikuwa amekaa na watu wake miaka saba akiwafundisha shabaha, na alikuwa ameiwekea mizinga yake alama za kulengea. James Lawrence wa Chesapeake alikuwa na watu wapya waliokuwa hawajazoeana. Ilichukua kama robo saa tu, na Chesapeake ikatekwa. Ilipovunjwa, mbao zake ziliuzwa, zikajengewa kinu cha kusagia nafaka katika kijiji cha Wickham, kusini mwa Uingereza. Jengo hilo lipo hadi leo.

Na frigeti hizi hazikuishinda Uingereza baharini. Manowari za sitaha mbili zilikuja kwa wingi, zikaziba milango ya bandari. United States ilifungiwa karibu na New London mpaka vita vikaisha. President ilijaribu kutoka New York Januari 1815 usiku wa dhoruba, ikakwama kwenye mchanga, ikaumia, ikafukuzwa na kutekwa. Waingereza waliivunja baadaye, lakini kwanza waliipima, wakajenga nyingine kwa umbo lake na kuipa jina lilelile.

Kwetu Afrika Mashariki habari hii haiko mbali. Mwaka 1844 Constitution, ikizunguka dunia chini ya John Percival, ilifika Zanzibar. Ilikuwa enzi ya Seyyid Said. Mkataba wake na Marekani ulikuwa na umri wa miaka 11, balozi mdogo wa Kimarekani alikuwepo tangu 1837, na wafanyabiashara wa Salem walishazoea kuleta nguo za amerikani na kupakia pembe na sandarusi. Wenyeji wa mji walikuwa na macho ya kuipima merikebu ile, maana Seyyid Said mwenyewe alikuwa na manowari. Mojawapo, Liverpool, ya mizinga 74, ilijengwa Bombay kwa mbao za msaji, akaja kuizawadia Uingereza mwaka 1836, nao wakaiita Imaum.

Miaka tisa baada ya safari ile, Constitution ilirudi Afrika, sasa upande wa magharibi, kuwasaka wasafirishaji wa watumwa. Novemba 1853 iliikamata H. N. Gambrill, merikebu ya Kimarekani iliyoandaliwa kwa biashara hiyo. Mataruma yaliyokatwa na watumwa yalikuwa yamebeba mizinga ya kuwazuia wauza watumwa, na nyumbani kwake, Georgia, utumwa ulikuwa bado halali.

Leo Constitution imefungwa gati katika bandari ya Charlestown, Boston, na ndiyo manowari kongwe kuliko zote duniani ambayo bado inaelea na bado imo katika orodha ya jeshi. Mbao nyingi zimebadilishwa, lakini mkuku ni uleule wa mwaka 1797. Kwa ajili ya matengenezo yake jeshi la majini limetenga mialoni myeupe huko Crane, Indiana, na mbao za huko zilitumika ilipopandishwa chelezoni kati ya 2015 na 2017.

Wasikilizaji wetu mlioko Boston na miji ya jirani, nendeni mkaione, na wachukueni watoto. Msiishie sitaha ya juu kupiga picha na mizinga. Teremkeni mguse mbao za ubavuni, muone unene wake dirishani. Mabaharia wa zamu ndio wanaowatembeza wageni, na wanajibu maswali. Waulizeni mizinga ilikuwa mingapi, waulizeni habari za Guerriere, na waulizeni pia ni nani waliokata magogo ya St. Simons.